Waliitwa kwa Majina Mengine

Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Somo: Hosea sura ya 1 hadi ya 3

 

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya kitabu cha hadithi. Najua wako wazee watakaokunja uso wakisikia kasisi anataja hadithi ya mapenzi kabla hajafungua Biblia. Subirini kidogo, wazee wangu. Biblia tutaifungua, nasi tutakaa ndani yake. Lakini kitabu hiki kimekwisha kuingia majumbani mwetu. Binti mmoja wa kwaya alikuwa akikisoma chini ya meza wakati wa mkutano wa vijana. Nikamwomba aniazime, naye akanipa huku akiona haya. Nilikisoma kwa muda wa siku tatu, tena usiku wa tatu sikulala mapema, maana niliona ndani yake jambo linalotupasa kuulizwa sisi watu wa kanisani kabla ya watu wa nje.

Kitabu chenyewe chaitwa Redeeming Love, maana yake Upendo Unaokomboa. Aliyekiandika ni mama mmoja wa Marekani, Francine Rivers. Mama huyu alikuwa na kazi ya kuandika hadithi za mapenzi za kidunia, nazo zilinunuliwa sana. Mwaka 1986 alimpokea Kristo, na baada ya hapo ikawa kana kwamba kalamu imekauka. Kwa muda hakuweza kuandika. Akajifunza Biblia pamoja na wenzake, wakafika katika kitabu cha nabii Hosea, na huko ndiko alikopata hadithi hii. Ilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1991, ikatolewa tena mwaka 1997 na wachapishaji wa vitabu vya Kikristo, na mwaka 2022 ikafanywa sinema. Nakala zilizouzwa zimepita milioni 3.

Sasa nieleze mahali penyewe, kwa maana bila kupajua mahali huwezi kuwaelewa watu. Tarehe 24 Januari 1848, huko California, fundi mmoja jina lake James Marshall alikuwa akijenga kinu cha kupasua mbao mahali paitwapo Coloma. Akaona vipande vya dhahabu majini. Habari zikaenea, na katika miaka michache watu wapata 300,000 wakakimbilia nchi hiyo, wengi wao wanaume. Mji wa San Francisco, ambao mwanzoni mwa 1848 ulikuwa na watu kama 1,000 tu, ulikuwa na watu wapata 25,000 kufikia mwisho wa 1850. Fikirini mahali hapo: wanaume vijana, fedha ya ghafula mfukoni, hakuna mama, hakuna dada, hakuna mke. Biashara ya kuuza miili ya wanawake ilistawi kama magugu baada ya mvua. Sina haja ya kueleza zaidi kwa mtu aliyewahi kulala usiku mmoja penye kituo cha malori katika barabara zetu kuu.

Katika nchi hiyo ya machimbo, mwaka 1850, mwandishi amemweka msichana wa miaka 18 aitwaye Angel, yaani Malaika. Yumo danguroni. Jina hilo si alilopewa na mama yake. Ni jina la biashara. Baba yake hakutaka hata azaliwe, na mtoto alisikia hayo kwa masikio yake mwenyewe. Mama yake alitupwa, akafa katika umaskini, na mtoto akiwa na miaka 8 akatiwa mikononi mwa tajiri mmoja mwovu wa New York, aitwaye Duke. Miaka kumi baadaye akamtoroka, akasafiri kwa meli hadi California, akanyang'anywa alichokuwa nacho, akaangukia danguro jingine. Kutoka shimo moja kwenda shimo la pili.

Yuko na mkulima kijana, Michael Hosea, mcha Mungu. Anamwona msichana yule akipita njiani, na moyoni anasadiki kwamba Mungu amemwambia, huyu ndiye mke wako. Anakwenda danguroni, analipa dhahabu kama wanaume wengine, lakini yeye analipa ili azungumze naye tu. Anamwomba waondoke. Msichana anakataa. Hatimaye mlinzi wa danguro anampiga hata karibu kufa, na hapo Michael anamchukua, wanafungishwa ndoa yeye akiwa kitandani, hana nguvu.

Hapa sharti nisimame kidogo, kwa sababu mimi ni kasisi na nimefungisha ndoa nyingi. Ndoa ile ya kitandani mimi nisingaliifungisha. Sisi twatangaza mara tatu kanisani, na mbele ya watu twamwuliza kila mmoja, naye hujibu kwa kinywa chake. Ni hadithi, naielewa. Lakini vijana wasijifunze hapo. Tena, ndugu zangu vijana, acheni mtindo wa kumwendea binti wa watu na kumwambia kwamba Mungu amekuonyesha ni mke wako. Mungu anayejua njia ya kusema nawe, njia ya kwenda kwa binti huyo pia anaijua. Mngojee naye aonyeshwe.

Basi, tufungue Biblia. Hosea alikuwa nabii katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, karne ya 8 kabla ya Kristo, siku za mfalme Yeroboamu mwana wa Yoashi. Mungu alimwamuru aoe mwanamke wa uzinzi, naye akamwoa Gomeri binti Diblaimu. Wakazaliwa watoto watatu, na majina yao yalikuwa mzigo. Wa kwanza aliitwa Yezreeli, mahali palipomwagwa damu. Wa pili, msichana, aliitwa Lo-ruhama, maana yake asiyehurumiwa. Wa tatu akaitwa Lo-ami, maana yake si watu wangu. Hebu fikiri mtoto anaitwa hivyo akichota maji kisimani! Katika sura ya 3 nabii anaamriwa aende akampende tena mwanamke aliye na mpenzi mwingine. Akamnunua kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Bei ya mtumwa katika Kutoka 21:32 ni shekeli 30. Kwa hiyo baadhi ya wafasiri hudhani kwamba Hosea hakuwa na fedha ya kutosha, akakamilisha bei kwa nafaka ya nyumbani kwake. Mtu wa kijijini anaelewa jambo hilo upesi. Karo ya shule hulipwa namna hiyo, nusu fedha, nusu gunia.

Lakini tazameni neno moja. Katika habari yote hii Gomeri hana la kusema. Tunasikia sauti ya nabii, twasikia sauti ya Bwana, na maneno ya mke yule mkaidi twayasikia katika vinywa vyao tu. Alipochukuliwa, alijisikiaje? Kwa nini alirudi kule? Maandiko yamenyamaza, kwa sababu shabaha yao ni kutuonyesha Mungu na Israeli. Mama Rivers amejaribu kumpa mwanamke huyo kinywa. Ndiyo sababu hadithi yake imewagusa wengi waliomsoma Hosea miaka mingi na kupita.

Na kinywa hicho chasema nini? Chasema kwamba kupendwa peke yake hakumtoi mtu katika mambo ya kale. Michael anampeleka shambani, anamwuguza, anamfundisha kuwasha moto na kupalilia. Hamnyanyasi. Na bado mke anatoroka. Anatoroka mara ya kwanza kurudi kwenye mji wa machimbo, anakuta danguro limeungua. Anatoroka mara ya pili. Msomaji hukasirika: mwanamke huyu anataka nini? Lakini mtu aliyefundishwa tangu miaka 8 kwamba yeye ni kitu cha kulipiwa, akitendewa wema huona kwamba deni linaongezeka. Anangoja siku atakapodaiwa. Heri aondoke kabla.

Nimewaona watu wa namna hiyo katika huduma yangu. Mtu ameokoka, ameungama, ameondolewa dhambi, na bado kila Jumapili huketi nyuma karibu na mlango. Tunadhani ni mnyenyekevu. Pengine anachungulia njia ya kutokea.

Tena kuna habari ya majina. Mke yule hataki kumwambia Michael jina lake la kuzaliwa, kwa hiyo Michael anamwita Mara, yaani uchungu, kama Naomi alivyojiita katika Ruthu 1:20. Baadaye anamwita Amanda, kisha Tirza. Jina hubadilika kadiri anavyomfahamu. Lakini jina la danguroni halitaki kulegea, na anayelishika kwa nguvu kuliko wote si mtu wa danguro. Ni mtu wa nyumbani. Ni shemeji.

Mtu huyu aitwa Paul. Alikuwa mume wa dada yake Michael, na dada huyo alikwisha kufa. Anarudi kutoka machimboni mikono mitupu, anamkuta mke mpya nyumbani, anamtambua. Tangu siku hiyo anamchukia. Na mwanamke alipotaka kurudi mjini, Paul ndiye aliyekubali kumpeleka kwa gari la farasi, lakini akataka malipo. Akalipwa njiani, kwa njia ile ile ya danguroni. Mke wa ndugu yake! Kisha, badala ya kutubu, chuki yake ikaongezeka. Alimwita mchafu, akamwonya kila mtu juu yake, akajiona mlinzi wa heshima ya nyumba.

Ndugu zangu, niliposoma sehemu hiyo niliweka kitabu mezani nikatoka nje. Nilimkumbuka Yuda katika Mwanzo 38, alipoambiwa kwamba Tamari mkwewe ana mimba ya ukahaba, akaamuru atolewe ateketezwe kwa moto. Na fimbo yake mwenyewe ilikuwa mkononi mwa mwanamke huyo! Mara nyingi anayekumbuka sana dhambi ya mwenziwe ni yule aliyekuwa na sehemu ndani yake. Kumbukumbu yake yamkinga. Maadamu macho ya watu yanamtazama yule mama, hapana atakayemwuliza mzee alikuwa wapi usiku ule. Yuda alikiri kwamba Tamari ni mwenye haki kuliko yeye. Paul wa hadithi alichukua miaka mingi kabla ya kulisema neno hilo.

Mara ya tatu mke yule anaondoka kwa sababu nyingine, na hii ni ngumu zaidi. Sasa anampenda mumewe. Lakini zamani zake zimemwachia jeraha: Duke alimfanyia mambo ili asipate kuzaa. Kuna jirani, msichana mwema aitwaye Miriam, naye Angel anafikiri kwamba akiondoka, Michael atamwoa Miriam apate watoto. Kwa nje huo ni upendo, na kwa sehemu ni upendo. Lakini ndani yake mna sauti ile ile ya zamani isemayo, wewe hustahili kukaa. Anakwenda San Francisco. Na safari hii Michael hamfuati.

Jambo hili lilinisumbua mwanzoni. Hosea alimfuata mkewe, kwa nini huyu asifuate? Nadhani mwandishi ameona sawa. Maadamu mume alikuwa akimfuata, mke alikuwa akishikwa na mkono wa mwanadamu. Michael alikuwa amekuwa kwake kama mungu, na mume hawezi kuubeba mzigo huo. Katika Hosea 2:14 Bwana asema atampeleka nyikani na kusema na moyo wake. Nyikani huendi na umati. Katika San Francisco Duke anamkamata tena, anataka kumwonyesha jukwaani mbele ya wanaume. Hapo, hana Michael, hana mtu, anamlilia Mungu yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza. Anaokolewa, akitoka pamoja na wasichana wengine wa Duke, kwa msaada wa mfanyakazi wa benki mcha Mungu. Kisha anakaa katika mji huo miaka mitatu, akifungua nyumba ya kuwapokea wasichana waliotoka madanguroni na kuwafundisha kazi za mikono.

Angalieni ni mji gani. Ni ule ule wa Duke. Mimi ningedhani angehamia mbali, mahali ambapo hakuna amjuaye. Lakini mwandishi amemsoma Hosea vizuri. Katika sura ya 2, mstari wa 15, Bwana aahidi kwamba bonde la Akori litakuwa mlango wa tumaini. Bonde hilo lilikuwa na sifa mbaya. Ni pale Akani alipopigwa mawe pamoja na watu wa nyumba yake, kama tusomavyo katika Yoshua 7, na jina lake maana yake ni taabu. Mungu hakusema atawatafutia Israeli bonde jingine lenye jina zuri. Alilichukua lile lile, na jina lake lile lile, akatia mlango ndani yake.

Ndiyo maana nasema twakosea tunapowaambia watu wasahau ya kale, kana kwamba kumbukumbu ni ubao wa kufutwa kwa kitambaa. Twapenda kutaja Wafilipi 3:13, pale Paulo Mtume anaposema habari za kuyasahau yaliyo nyuma. Lakini katika sura hiyo hiyo, mistari michache juu, ameorodhesha yaliyo nyuma moja moja, kabila lake na bidii yake ya kuliudhi kanisa. Katika 1 Timotheo 1:13 anayataja tena bila kuficha. Hakuyasahau kwa maana ya kutoyajua. Aliacha kuyategemea, wala hayakuwa tena na amri juu yake. Yule mama aliyewapokea wasichana San Francisco aliwafahamu kwa sababu alikumbuka.

Mwishoni ni Paul anayekwenda kumtafuta. Naam, shemeji yule. Amekwisha kumwoa Miriam, na Miriam amemhimiza aende. Anakwenda akitarajia kumkuta kahaba, anamkuta mtumishi wa Mungu. Hapo anaungama. Anamwambia kwamba Michael bado anamngoja. Mama anarudi nyumbani, na mbele ya mumewe anataja jina alilopewa na mama yake. Sarah. Na Sarah wa hadithi, kama Sara wa Biblia, hatimaye akapata watoto. Pia katika Hosea 2 majina ya watoto yanageuzwa. Ami, watu wangu. Ruhama, aliyehurumiwa. Kile kisilabi cha mbele, Lo, yaani si, kimeondolewa tu.

Kwa wanaotaka kukisoma kitabu hiki, nawaonya mambo mawili. Kimeandikwa kwa watu wazima. Mambo aliyotendwa mtoto yule yameelezwa kwa uzito, wala si kitabu cha Shule ya Jumapili. La pili ni kubwa zaidi. Katika hadithi hii mvumilivu ni mume, naye hampigi mkewe. Asiinuke mtu akakitumia kumrudisha mama aliyepigwa kwenye nyumba ya mume anayempiga, akisema upendo huvumilia. Hosea hakuandika hivyo, wala mama Rivers hakuandika hivyo. Mama wa namna hiyo apelekwe mahali pa usalama kwanza.

Nina jambo moja langu. Katika parishi niliyotumikia zamani walikuwako kina mama wawili ambao jina lao la ubatizo lilikuwa moja. Mmoja alikuwa wa kwaya. Mwingine alikuwa amerudi kutoka mjini, alikokuwa akifanya kazi katika baa, na baada ya mafundisho alikuwa amerudishwa Mezani pa Bwana. Siku moja katika halmashauri tulikuwa tukigawa kazi za sikukuu ya mavuno, jina hilo likatajwa, na mzee mmoja akauliza, yupi? Nikajibu mimi, mwenye kola shingoni: "Yule wa baa." Wazee walicheka kidogo, si kwa ubaya, tukaendelea. Halafu mlango ukafunguliwa, naye akaingia na birika la chai. Alitumiminia sisi sote, akaanzia kwangu.

Alikuja Jumapili mbili baada ya hapo, kisha hakuja tena. Mimi nilijiambia kwamba ana shughuli shambani. Nilikaa zaidi ya mwaka kabla ya kwenda kwake, na hata siku hiyo nilikwenda kwa sababu nilikuwa karibu kuhamishwa. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Alinipa kigoda. Nikamwomba msamaha, maneno yakinitoka vibaya, akanyamaza muda mrefu mikono ikiendelea na kazi.

Kisha akasema, "Mchungaji, baa ile ilifungwa zamani. Siku hizi ni duka la mbolea."

Nikamwambia sikujua.

"Ukipita mjini, angalia," akasema. Akaita mtoto alete chai.